Mageuzi ya kura Uingereza: Mwamba ngoma angali anaivutia kwake

CHAMA cha Labour kilitwaa viti 411 kati ya 650 katika uchaguzi mkuu wa Uingereza uliofanyika Julai 4, 2024. Vifijo vilihanikiza jijini London usiku huo, na wengi wakauita ushindi wa kishindo. Aliyetulia akazitazama kura zenyewe badala ya viti alikuwa na kila sababu ya kukuna kichwa.

Labour ilizoa asilimia 33.7 ya kura zilizopigwa. Kwa thuluthi hiyo moja ilikabidhiwa karibu viti 63 katika kila viti 100 vya Bunge la Makabwela. Hakuna chama kilichowahi kupata wingi wa viti nchini humo kwa sehemu ndogo hivyo ya kura. Na kwa kuwa takriban watu sita tu katika kila kumi waliosajiliwa ndio waliofika vituoni, serikali mpya iliingia madarakani ikiwa imechaguliwa na mtu mmoja katika kila watano waliokuwa kwenye sajili.

Upande wa pili wa mizani, chama cha Reform UK chake Nigel Farage kilipata zaidi ya kura milioni nne, sawa na asilimia 14.3, kikaambulia viti vitano. Chama cha Kijani kilipata karibu kura milioni 1.9 na viti vinne. Ukizigawa kura kwa viti, kila mbunge wa Labour alihitaji kura zipatazo 23,600 kuingia Bungeni ilhali kila mbunge wa Reform alihitaji zaidi ya 820,000.

Yapo maajabu mengine katika hesabu hizo. Liberal Democrats walipata kura milioni 3.7 mwaka 2019 wakatoka na viti 11. Mwaka 2024 kura zao zilipungua hadi milioni 3.5, lakini viti vikapanda hadi 72. Walichofanya ni kuelekeza nguvu zao katika maeneobunge, hasa ya kusini mwa England, ambako chama cha Conservative kilikuwa kikiporomoka, na kutojihangaisha sana kwingineko.

Naye Jeremy Corbyn aliiongoza Labour mwaka 2019 ikapata kura takriban milioni 10.3, ikashindwa vibaya, akalazimika kung'atuka. Mrithi wake, Keir Starmer, alipata kura milioni 9.7 akawa Waziri Mkuu.

Swali linalojitokeza ni iwapo taifa linalopata matokeo ya namna hii litaukumbatia mfumo wa uwakilishi wa uwiano, na lini. Jibu la mwandishi huyu ni kwamba halitafanya hivyo kabla ya uchaguzi mkuu ujao, ambao sharti ufanyike kufikia Agosti 2029. Hoja za kutaka mabadiliko hazijapungua nguvu. Tatizo ni kuwa wenye mamlaka ya kuibadili sheria ndio hao hao walioingizwa Bungeni na sheria hiyo, na wahenga walisema mwamba ngoma huivutia kwake.

Tuueleze mfumo wenyewe kwanza. Uingereza imegawanywa katika maeneobunge 650, na katika kila eneo anayepata kura nyingi kuliko wenzake hutwaa kiti, hata ikiwa wengi wa wapigakura wa hapo hawakumtaka. Kura za walioshindwa huishia pale pale kituoni. Hazihesabiwi popote pengine.

Chini ya uwakilishi wa uwiano, chama kilichopata robo ya kura hutarajia kupata takriban robo ya viti. Njia za kufikia hapo ni nyingi. Kuna nchi ambako mwananchi hupigia kura orodha ya chama. Ujerumani na New Zealand zina mfumo mseto: wabunge wengine huchaguliwa katika maeneo yao na wengine hutoka kwenye orodha ili kuisawazisha mizani. Ireland hutumia kura inayohamishika, ambapo mpigakura huwapanga wawaniaji kwa nambari katika eneo kubwa lenye wabunge kadhaa, na kura isiyomfaa wa kwanza humwendea wa pili.

Malalamiko dhidi ya mfumo wa sasa ni ya kale. Mwaka 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Conservative, lakini Winston Churchill ndiye aliyeunda serikali. Februari 1974 gurudumu likageuka: Conservative ikaongoza kwa kura, Labour ikaongoza kwa viti. Mwaka 1983 muungano wa vyama vya Liberal na SDP ulipata asilimia 25.4 ya kura na viti 23, huku Labour ikiwa na asilimia 27.6 na viti 209. Tofauti ya kura ilikuwa ndogo, lakini ya viti ilikuwa kama ya mlima na kichuguu.

Kipindi hicho chote watetezi wa mfumo walikuwa na kinga moja: Waingereza wenyewe walikuwa watu wa vyama viwili. Mwaka 1951 Conservative na Labour kwa pamoja zilipata karibu kura 97 katika kila 100. Mfumo wa mshindi mmoja ulifaa mashindano ya wawili. Kufikia 2024 vyama hivyo viwili vilipata kwa pamoja chini ya 58. Waingereza siku hizi hugawanya kura zao kwa vyama vitano au sita, lakini kanuni ya kugawa viti ni ile ile ya enzi za vyama viwili.

Aidha, jambo hili si geni Bungeni. Mnamo 1917 kongamano la Spika kuhusu uchaguzi lilipendekeza kura inayohamishika itumike katika miji mikubwa. Bunge la Malodi likaitaka, Bunge la Makabwela likaikataa likitaka mfumo mwingine, na wakavutana hadi sheria ya 1918 ikapita bila ya wowote kati ya hiyo miwili, isipokuwa katika viti vichache vya vyuo vikuu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa bado vinapiganwa. Huenda hakuna wakati mwingine ambapo Uingereza ilikaribia hivyo.

Kinaya ni kwamba dawa waliyoikataa wenyewe Waingereza waliwapa wengine. Waliipeleka Ireland mwaka 1920 na Malta mwaka 1921. Ireland Kaskazini, ambako utawala wa wengi kwa miaka hamsini ulikuwa umewaacha Wakatoliki nje, ilirejeshewa kura inayohamishika mwaka 1973. Bunge la Scotland lilipoanza kazi 1999 lilipewa mfumo mseto, na kadhalika lile la Wales. Hata wabunge wa Uingereza katika Bunge la Ulaya walichaguliwa kwa uwiano kuanzia mwaka huo hadi 2019.

Kwa hivyo mkazi wa Glasgow hana budi kuijua mifumo mitatu. Anapomchagua diwani, huwapanga wawaniaji kwa nambari, utaratibu uliotumika Scotland tangu 2007. Anapochagua Bunge la Edinburgh hupewa karatasi mbili, moja ya mbunge wa eneo na nyingine ya chama. Anapochagua Bunge la London hutia alama moja tu, na akimpigia asiyeshinda basi imetoka. Hakuna anayedai kuwa mkazi huyo huchanganyikiwa, ingawa hofu ya kuwachanganya wananchi bado husikika kila mara mageuzi yanapotajwa.

Makoloni ya Afrika hayakupewa dawa hiyo. Kenya ilirithi mfumo wa mshindi mmoja kwa kila eneobunge pamoja na joho la Spika. Tume ya Marekebisho ya Katiba chini ya Profesa Yash Pal Ghai ilipendekeza mfumo mseto katika rasimu yake ya 2002, pendekezo likafia njiani. Katiba ya 2010 inataja uwakilishi wa uwiano katika Kifungu cha 90 kuhusu viti vya orodha za vyama, lakini viti hivyo hugawanywa kulingana na idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, si kura ilizopata. Chama chenye kura nyingi zilizotawanyika na kisichoshinda kiti hakipati chochote. Ni uwiano wa jina, na wanaotaka kuufufua mjadala huo hapa nyumbani wana sababu ya kufuatilia yanayojiri London.

Tukirudi huko, historia ya miaka thelathini iliyopita inaonyesha wazi jinsi ahadi za mageuzi zinavyokufa. Tony Blair aliingia uchaguzi wa 1997 akiahidi kura ya maamuzi kuhusu mfumo wa kura. Hakuwa na hakika ya kushinda kwa wingi mkubwa, na urafiki wa Liberal Democrats ulikuwa na thamani. Kisha akapata viti 418.

Tume iliyoongozwa na Roy Jenkins ilifanya kazi yake na kutoa ripoti Oktoba 1998. Ilipendekeza wabunge wengi waendelee kuchaguliwa katika maeneo yao kwa kuwapanga wawaniaji kwa nambari, na asilimia 15 hadi 20 watoke kwenye orodha za kusawazisha. Pendekezo lilikuwa la wastani mno, hata baadhi ya wanamageuzi walilalama kuwa halikufikia uwiano kamili. Ripoti ikawekwa kabatini. Kura ya maamuzi iliyoahidiwa haikufanyika, na Blair akashinda tena mwaka 2005 kwa asilimia 35.2 ya kura.

Mwaka 2010 hakuna aliyepata wingi wa viti. Nick Clegg wa Liberal Democrats alikuwa na asilimia 23 ya kura, viti 57, na fursa ambayo chama chake kilikuwa kimeingoja kwa vizazi. David Cameron wa Conservative alimhitaji ili aunde serikali. Alichokubali Clegg hatimaye kilikuwa kura ya maamuzi kuhusu kura mbadala, ambapo mpigakura huwapanga wawaniaji 1, 2, 3 katika eneobunge lile lile la mtu mmoja, na wa mwisho huondolewa hadi mmoja avuke nusu. Huo si uwakilishi wa uwiano hata kidogo. Kabla ya uchaguzi Clegg mwenyewe alikuwa ameubeza.

Mei 5, 2011, Waingereza waliukataa kwa asilimia 67.9 dhidi ya 32.1. Ni asilimia 42 tu ya waliosajiliwa waliojitokeza, na kati ya maeneo 440 ya kuhesabia kura, ni 10 pekee yaliyosema ndiyo. Upande wa hapana ulibandika mabango ya watoto wachanga na wanajeshi, ukidai kuwa fedha za mfumo mpya zingefaa hospitali na vita. Mwananchi aliyekuwa na hasira na Clegg kwa kupandisha karo ya vyuo vikuu alipata mahali pa kumchapia.

Tangu siku hiyo, kila anayeutaja uwakilishi wa uwiano hujibiwa kwamba wananchi waliulizwa na wakakataa. Hawakuulizwa. Waliulizwa kuhusu kitu kingine. Lakini katika siasa jibu la mkato hushinda maelezo marefu, na Clegg ndiye aliyewapa wapinzani wake jibu hilo.

Ndani ya Labour, hata hivyo, upepo umebadilika. Vyama vikubwa vya wafanyakazi vya Unite na Unison viligeuza msimamo, na Septemba 2022 kongamano la Labour likapitisha hoja ya kuunga mkono uwakilishi wa uwiano. Mwaka mmoja nyuma hoja kama hiyo ilikuwa imeangushwa. Andy Burnham, aliyechaguliwa Meya wa Greater Manchester mwaka 2017, amekuwa akiitetea hadharani. Starmer mwenyewe, alipowania uongozi mwaka 2020, alikiri kwamba mamilioni ya watu wanaoishi katika ngome za chama kimoja huona kuwa kura zao hazina maana.

Manifesto ya Labour ya 2024 haikulitaja suala hilo, na viti 411 vilipopatikana hamu ikafifia. Ni simulizi ya 1997 ikirudiwa, tofauti ikiwa kwamba safari hii hata ahadi haikuwepo.

Desemba 3, 2024, mbunge wa Liberal Democrats Sarah Olney aliomba ruhusa ya kuwasilisha mswada wa kuanzisha uwakilishi wa uwiano. Akapata kura 138 dhidi ya 136. Wabunge kadhaa wa Labour walimuunga mkono bila kujali msimamo wa serikali. Wanamageuzi walisherehekea, na walikuwa na haki, maana ni nadra kwa Bunge hilo kusema ndiyo. Lakini miswada ya aina hiyo hutegemea serikali kuitengea muda wa kujadiliwa, na serikali haikuwa na nia. Isitoshe, wabunge zaidi ya 350 hawakupiga kura kabisa.

Wananchi nao je? Utafiti wa British Social Attitudes, ambao umekuwa ukipima maoni yao kwa miongo kadhaa, umebaini miaka ya karibuni kuwa zaidi ya nusu wanataka mfumo ubadilishwe. Zamani walikuwa wachache. Ni dalili njema kwa wanamageuzi, ila tuwe wakweli: ni watu wangapi humwamulia mbunge wao kwa sababu ya kanuni za kuhesabu kura? Foleni za hospitali, kodi ya nyumba na wahamiaji huja kwanza. Chama kinaweza kulipuuza suala hili kwa miaka mitano bila kupoteza hata kiti kimoja.

Kilichobadilisha hesabu ni Reform. Mei 2025 chama hicho kilishinda mamia ya viti vya udiwani na kutwaa mabaraza 10 nchini England, na siku hiyo hiyo kikaipokonya Labour kiti cha Runcorn and Helsby kwa kura sita. Katika mwaka huo tafiti za maoni zilikiweka mbele ya vyama vyote, kikiwa na takriban asilimia 30 au chini kidogo. Chini ya uwakilishi wa uwiano, asilimia 30 ni chama kikubwa kinachohitaji washirika. Chini ya mfumo wa sasa, wapinzani wakigawanyika, asilimia 30 yaweza kuwa serikali nzima.

Hapa ndipo wengi wa Labour wameanza kuona uchungu wa mkuki. Kanuni iliyowapa viti 411 kwa thuluthi moja ya kura haina rafiki wa kudumu. Inaweza kumpa Farage viti hivyo hivyo kwa sehemu hiyo hiyo. Naye Farage, ambaye chama chake cha awali cha UKIP kilipata karibu kura milioni 3.9 mwaka 2015 na kiti kimoja tu, amekuwa mlalamikaji mkubwa kuliko wote. Manifesto ya Reform ya 2024 ilitaka uwakilishi wa uwiano. Sitashangaa shauku hiyo ikipoa kadiri ikulu ya Downing Street inavyomkaribia.

Je, hofu itafanya kile ambacho haki haikufanya? Wapo wanaodhani Labour ingeweza kuusukuma mswada kabla ya 2029 ili kumzuia mpinzani. Mfano wa Ufaransa unapaswa kuwapa tahadhari. Rais François Mitterrand, alipoona chama chake cha Kisoshalisti kinaelekea kushindwa, alibadili sheria mwaka 1985 na kuleta uwakilishi wa uwiano. Katika uchaguzi wa 1986 mrengo wa kulia ulishinda vivyo hivyo, japo kwa tofauti ndogo, na chama cha National Front cha Jean-Marie Le Pen kikaingia Bungeni na wabunge 35. Kabla ya mwaka huo kwisha, serikali mpya ilikuwa imerudisha mfumo wa zamani.

Sheria ya uchaguzi iliyobadilishwa na anayeogopa kushindwa huonekana kuwa hila hata ikiwa ni ya haki, na anayefuata huifuta bila aibu. Kuna kikwazo kingine cha kiutaratibu. Kwa desturi Bunge la Malodi halizuii miswada iliyoahidiwa katika manifesto ya chama kilichoshinda, lakini hii haikuahidiwa. Malodi wangeweza kuichelewesha kwa mwaka mmoja. Kisha mipaka ya maeneo ingehitaji kuchorwa upya nchi nzima. Muda hautoshi kwa serikali isiyo na ari.

Inafaa pia kuwatendea haki wanaoutetea mfumo uliopo, maana hoja zao si za kupuuzwa. Mwingereza anamjua mbunge wake, anaweza kumwendea Ijumaa na shida ya makazi, na anaweza kumtimua. Orodha za vyama huwapa viongozi wa chama nguvu ya kuamua nani aingie. Lawama hiyo imeikumba Wales, ambako sheria ya 2024 iliongeza wabunge kutoka 60 hadi 96 na kuagiza kwamba kuanzia uchaguzi wa Mei 2026 wachaguliwe sita sita katika maeneo 16 kwa orodha zilizofungwa. Ni uwiano, lakini mpigakura hawezi kumruka mwaniaji asiyemtaka.

Ipo pia hoja ya serikali imara. Ubelgiji iliwahi kukaa siku 541 bila serikali kamili baada ya uchaguzi wa 2010. Hata hivyo, hoja hii imechakaa kwa Waingereza kuliko wanavyokubali. Kati ya 2016 na 2024 walikuwa na mawaziri wakuu watano, mmoja wao, Liz Truss, akidumu siku 49. Mwaka 2017 Theresa May alilazimika kutafuta msaada wa wabunge 10 wa chama cha DUP cha Ireland Kaskazini ili kuendelea kutawala. Mfumo haukuzuia mapatano ya nyuma ya pazia.

Kuhusu kura ya maamuzi, wengi husema mabadiliko makubwa hivi hayawezi kufanywa bila kuwauliza wananchi. Sheria haisemi hivyo. Mwaka 2022 serikali ya Conservative iliondoa utaratibu wa kuchagua mameya kwa chaguo la kwanza na la pili, ikaweka mshindi mmoja, na haikumuuliza mtu. Mwaka 2025 Labour iliwasilisha mswada wa kuurejesha utaratibu huo, nayo pia bila kumuuliza mtu. Kanuni ya kuuliza hukumbukwa pale tu jibu linalotarajiwa ni hapana.

Mataifa yaliyowahi kuvuka mto huu yalivushwa kwa ajali zaidi ya hekima. New Zealand ilikuwa na mfumo ule ule wa Uingereza. Mnamo 1978 na 1981 chama cha National kilitawala ingawa Labour ya huko ilipata kura nyingi zaidi, jambo lililoifanya Labour kuunda tume. Waziri Mkuu David Lange aliahidi kura ya maamuzi katika mdahalo wa televisheni wa 1987, na inasimuliwa kuwa aliisoma vibaya karatasi yake. Wapinzani wake wakaidaka ahadi hiyo na kuifanya yao. Kufikia 1993 wananchi, waliochoshwa na serikali za vyama vyote viwili, waliupitisha mfumo mseto kwa asilimia 53.9, na ukatumika mara ya kwanza mwaka 1996.

Canada ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Justin Trudeau aliahidi kwamba uchaguzi wa 2015 ungekuwa wa mwisho kwa mfumo wa kale. Akapata wingi wa viti kwa chini ya asilimia 40 ya kura, na Februari 2017 akaitupa ahadi. Alipotangaza kujiuzulu Januari 2025 alitaja kutobadili mfumo wa kura kuwa jambo alilolijutia. Majuto ya anayeondoka hayabadili sheria.

Kwa hivyo nafasi halisi ya Uingereza imo katika Bunge lisilo na chama chenye wingi wa viti. Labour ikihitaji Liberal Democrats, Kijani na chama cha SNP cha Scotland ili kuunda serikali, vyama hivyo vyote vinautaka uwakilishi wa uwiano na vyote vitakuwa na bei. SNP hata ina sababu ya kuushikilia kuliko zamani: mwaka 2015 ilitwaa viti 56 kati ya 59 vya Scotland kwa nusu ya kura, na mwaka 2024 ikabaki na tisa kati ya 57 kwa asilimia 30. Iliendelea kuutetea uwiano hata ilipokuwa ikinufaika, jambo ambalo wachache wanaweza kujivunia.

Hali hiyo ikitokea, hatari itakuwa ile ya Clegg: kukubali kipande cha mkate kwa sababu ya njaa ya madaraka. Wizara huonekana haraka. Mfumo mpya wa kura huonekana baada ya miaka mitano. Chama kidogo kikiingia katika mazungumzo bila kuwa tayari kuondoka mezani, kitapewa tume nyingine kama ya Jenkins na baada ya hapo kimya.

Tayari baadhi ya wanamageuzi wanajadili masharti. Wapo wanaotaka sheria ipitishwe kwanza na kura ya maamuzi ifanywe baada ya chaguzi mbili, wananchi wakiwa wameuonja mfumo, kama New Zealand ilivyofanya mwaka 2011 ilipowauliza tena raia wake na asilimia 57.8 wakachagua kubaki nao. Wengine wanataka baraza la raia lichague aina ya mfumo ili wanasiasa wasiugeuze. Ndani ya Labour wapo wanaoridhika na kura mbadala kwa sababu haiwapunguzii maeneobunge yao.

Siku mkataba wa serikali ya mseto utakapochapishwa, ukurasa wa kusoma kwanza ni ule wa uchaguzi. Ukitaja sheria, aina ya mfumo na tarehe, kitu kimepatikana. Ukitaja kura ya maamuzi juu ya kura mbadala, Waingereza watakuwa wamerejeshwa Mei 2011.